Kioo cha Baba Kilivyofika Butiama

Tangu nirudi Jumatatu, kila anayeingia ofisi ya walimu ananiuliza lile lile: "Vipi, kilifika kizima?" Nikisema kilifika, mnaniuliza mbona basi nacheka peke yangu, na kwa nini nilirudi na kiroba cha pamba. Nimechoka kurudia. Nimekaa hapa nyumbani Buhare, chai iko pembeni, naandika mara moja. Msome wote, halafu mniache nisahihishe madaftari yangu.

Kwa asiyejua, kisomeo ni kile kibao chembamba cha kusomea vitabu. Mnakiita kishikwambi, haya, lakini hakina michezo wala picha za rangi. Ni maandishi tu, na uzuri wake ni kwamba herufi unazikuza utakavyo. Binti yangu aliye Dar alikinunua kwa ajili ya babu yake.

Baba yangu anasoma somo la Jumapili kanisani kwetu Butiama tangu mimi nabebwa mgongoni. Sasa macho yamechoka. Mwaka huu aliruka mstari, akarudi, akauruka tena, watoto wa nyuma wakacheka. Wazee wa kanisa wakakaa wakampa Jumapili moja: akisoma bila kukwama ataendelea, akikwama somo apewe kijana. Baba alikubali bila kubisha. Mimi ndiye niliyelia, nikampigia binti yangu.

Na niseme ukweli wangu kabisa. Hiki kilikuwa cha pili. Cha kwanza nilikiua mimi, kwenye kikapu, chini ya hotipoti ya samaki, sato. Baba alipokifungua kulikuwa na mistari mistari na nusu ya picha iliyoganda. Binti yangu alipotuma hiki alisema neno moja tu: "Mama, cha tatu hakipo."

Mukendo: mafundi wawili

Alhamisi baada ya vipindi nilikwenda Mukendo, mjini Musoma, kwa fundi simu, kijana mmoja mpole anayefanya kazi kwenye meza ya kioo. Nilitaka anibandikie protekta ya kulinda kioo. Akakigeuza, akakirudisha mkononi mwangu.

"Mwalimu, protekta haisaidii hapa. Hii kitu haivunjikagi kwa kukwaruzwa, inavunjikaga kwa kugandamizwa. Ndani kuna kioo chembamba kama ganda la kitunguu. Nje utaiona nzima. Ila ukiona ukurasa umeganda, hauendi mbele wala nyuma, ujue ndiyo basi."

Hayo maneno yaliniingia. Yakumbukeni, ndiyo yaliyoniponza.

Nikashuka ziwani kwa fundi wa mitumbwi anayenifahamu kwa sababu nilimfundisha mwanawe. Nikamwomba kiboksi cha mbao, kigumu, hata mtu akikikalia kisibonyee. Alikata mabaki ya plaiwudi, akapiga misumari midogo, akaweka mfuniko wa kuteleza. Kazi safi. Alipotia kisomeo ndani akakitikisa sikioni kama mtu anayesikiliza saa mbovu.

"Kinacheza humu, Mwalimu. Ngoja nikutafutie pamba, ile ninayozibia mitumbwi. Nikujazie pembeni."

"Acha tu, nina haraka," nikamwambia.

"Haraka ya nini na safari ni kesho?"

Nilikuwa nimeshashika njia.

Musoma hadi Bunda: mimi na heshima isiyo yangu

Mtaniuliza: mtu anayetoka Musoma kwenda Butiama anafuata nini Bunda? Swali zuri, na mume wangu aliliuliza pia. Jibu ni Shangazi. Dada yake Baba ameolewa Manyamanyama, pale Bunda, alikuwa amesikia nasafiri, na kwetu mtoto wa kaka hapiti kwenda kwa baba yake akamruka shangazi. Ukimruka utaisikia habari hiyo mpaka kwenye msiba wako. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi nilipanda gari, nikaiona njia panda ya kwenda kwetu kupitia dirishani, nikaipungia mkono, nikaendelea na Bunda.

Kiboksi nilikifunika kitambaa cheupe cha mezani na kukipakata kwa mikono miwili. Kondakta akataka akiweke juu na mizigo. Nikamwambia hiki hakitoki mikononi mwangu, kikitoka ni mimi na wewe. Nilisema kwa ukali, mnanijua.

Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu akageuka, akakitazama kitambaa, akanitazama mimi. Kisha akavua kofia. Akamwambia dereva apunguze redio. Akamwinua kijana wa dirishani ili nikae penye hewa. Mimi nikashangaa, nikashukuru, nikakaa.

Kiabakari tukapata pancha. Watu wakashuka kununua mahindi ya kuchoma, mimi nikabaki na kiboksi changu juani. Yule mzee akaniletea hindi, akanipukuchulia punje kwenye karatasi kwa sababu aliona mikono yangu haina nafasi. Akaninong'oneza: "Unampelekea mgonjwa?"

Nikawaza Baba na macho yake. "Ndiyo," nikasema. "Mzee sana."

Akapiga ishara ya msalaba. "Mungu akufikishe salama, Sista."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mzee wa watu alidhani nimebeba Komunyo! Nami hata si Mkatoliki. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaona tairi limeshafungwa, kila mtu ananipisha nipande wa kwanza, na kiti changu cha dirishani kinanisubiri. Nikafunga mdomo. Najua, najua. Nimeshatubu.

Manyamanyama: kuku na kiroba

Shangazi alinipokea kwa vigelegele kama bibi harusi. Mumewe, tunayemwita Baba Magesa, ni mtu wa maneno machache. Amelima pamba maisha yake yote, na ukimpa mkono unasikia ugumu wa jembe. Alinisalimia, akakiangalia kiboksi, akakitikisa sikioni vile vile kama fundi wa mitumbwi.

"Kinacheza," akasema.

"Hakina neno, Baba Magesa. Kimefika hapa salama."

Jioni ile nilifanya maonyesho. Nilikuza herufi mpaka neno moja likajaa mstari, Shangazi akasoma jina la Yakobo kwa sauti, akashangilia. Baba Magesa naye akajaribu kufungua ukurasa. Kidole chake kikapita, kisomeo kikakaa kimya. Akarudia mara tatu.

"Hakikitaki kidole changu," akasema.

"Ni ugumu wa ngozi, kioo hakikusikii," nikamwambia. Wajukuu zake watatu wakacheka, wakakichukua wao, wakafungua kurasa mbele na nyuma, wakakiacha kwenye jina la Yakobo walipoitwa kula. Taa ya kioo ilikuwa inawaka muda wote. Hilo nalo likumbukeni.

Jumamosi asubuhi nilitaka kuondoka na gari la kwanza. Shangazi akakataa: jogoo ameshachinjwa. Kwa hiyo nikakaa. Chakula kikaja mapema, ugali wa mtama na muhogo, mchuzi unanukia mpaka barabarani. Baba Magesa mwenyewe akaingia, akachukua firigisi kwenye bakuli, akaiweka juu ya sahani yangu. Ninyi mnajua firigisi ni ya nani. Ni ya mwenye mji. Mwanamke kupewa firigisi na mwenye mji si jambo dogo. Kisha akatoka nje.

Nikanawa. Nikamega tonge la kwanza. Nikasikia nje mtu anaimba, wimbo wa kazi, na mguu unapiga kwa mdundo, du, du, du.

"Anafanya nini?" nikamuuliza Shangazi.

"Anakufungia mzigo wako. Tangu jana hajalala, anasema kitavunjika kwa kucheza."

Nilitoka mbio na tonge mkononi. Jamani! Baba Magesa alikuwa amesimama ndani ya kiroba. Amekunja suruali hadi magotini, pamba imemfika kwenye vifundo, anakanyaga. Anashindilia kama wanavyoshindilia pamba kwenye gunia wakati wa msimu ili gunia moja libebe ya mawili. Na kiboksi changu kiko chini ya miguu yake.

Nilipiga kelele. Akatoka kwenye kiroba, akashangaa. Nikafukua pamba, nikatoa kiboksi, nikavuta mfuniko. Ndani pia alikuwa amejaza pamba safi, nyeupe, imekaza pande zote. Nikakichomoa kisomeo. Ukurasa ulikuwa ule ule wa jana, jina la Yakobo kubwa katikati. Nikabonyeza. Hauendi mbele. Hauendi nyuma. Nikabonyeza kila mahali. Umeganda.

Maneno ya fundi simu yakanijia yote. Na mimi, mwanamke mzima, mwalimu wa watu, nikamgeukia mume wa shangazi yangu mbele ya wajukuu zake nikasema: "Umemuua baba yangu macho kwa miguu yako! Wewe kila kitu kwako ni pamba tu?"

Alijipangusa pamba miguuni, unyuzi mmoja mmoja, akavaa kandambili zake, akaenda zake zizini.

"Mwanangu, kula kwanza," Shangazi akasema. "Rudi ule, tuongee."

Nikakusanya vitu vyangu, nikaondoka. Firigisi niliiacha kwenye sahani.

Bunda hadi Butiama: njia ya kulia

Sina mengi ya kusema kuhusu gari lile. Sijui nilikaa na nani. Njia panda nikachukua bodaboda, dereva akawa ananionyesha mawe makubwa ya kwetu na kuniuliza kama mimi ni mgeni. Nilishindwa hata kumkatalia. Kiboksi nilikifunga nyuma kwa mpira, kikarukaruka kwenye kila shimo. Nilikuwa sikijali tena, maiti haogopi mashimo.

Baba alikuwa uani kwenye kigoda chake, Biblia ameiinua kuelekea jua, pua karibu iguse karatasi. Alikuwa anajifunza somo la kesho kwa moyo, mstari kwa mstari, endapo nisingefika. Nikapiga magoti kumsalimu na hapo hapo nikaanza kulia. Nikamweleza yote: Shangazi, jogoo, kiroba, miguu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akachukua kisomeo, akakipapasa kwa vidole.

"Mimi simu yangu ikizima," akasema, "huwa naichaji kwanza. Kulia baadaye."

Jamani, mtu anaweza kuaibika mpaka masikio yakawaka moto. Baba ana sola ndogo ya taa na simu. Waya wa simu yangu ukaingia kama ulitengenezwa kwa ajili yake. Tukakaa tunakitazama kama wanaosubiri maziwa yachemke. Baada ya muda kioo kikapepesa, kikawa cheusi, kikawa cheupe, kikauliza naanzia wapi. Nikafungua ukurasa mmoja, wa pili, wa kumi. Hakikuwa na mstari wala doa. Wale wajukuu walikuwa wamemaliza chaji tu, kikalala na ukurasa wake usoni.

Nikapiga kigelegele peke yangu. Kuku wakakimbia.

"Shemeji alisema nini ulipoondoka?" Baba akauliza.

"Hakusema kitu."

"Firigisi alikupa?"

"Alinipa."

"Uliila?"

Nikaangalia chini. Mzee akakirudisha kisomeo kwenye kiboksi, taratibu, akavuta mfuniko, akaniwekea mapajani.

"Kichukue."

"Baba! Kesho ndiyo siku yenyewe. Ukikwama wanakutoa!"

"Wanitoe. Mimi siwezi kusimama kanisani kusoma kwa kitu kilichomtukanisha shemeji yangu nyumbani kwake, mbele ya wajukuu zake. Nitasoma nini hapo?"

Nilibembeleza. Nikasema nitampigia simu Baba Magesa hapo hapo. Baba akasema simu ni ya kuulizia mvua. Akachukua Biblia yake, akaiinua tena kwenye jua, midomo ikaanza kwenda. Kila mara alikuwa anarudi mstari ule ule. Nilisimama pale nikimwangalia, moyo unaniuma, kisha nikajifunga khanga.

Kurudi Bunda

Nilifika Manyamanyama ng'ombe wanaingia zizini. Nilikuwa nimenunua sukari na sabuni njiani, nikaona aibu kuvitoa, nikaviacha mlangoni. Baba Magesa alikuwa amechuchumaa anakamua. Nikapiga magoti pale pale kwenye samadi, na gauni langu la safari.

"Baba Magesa, nimekosa. Nimekutukana kwako, mbele ya wajukuu. Sina cha kujitetea."

Akaendelea kukamua. Maziwa yalikuwa yanalia kwenye ndoo. Mwishowe akauliza bila kugeuka.

"Kimewaka?"

"Kimewaka."

"Pembe zote nne?"

"Zote nne."

"Hm." Akakamua tena kidogo. "Nilikanyaga pembeni tu. Katikati sikugusa. Mguu wangu unajua."

Nilishindwa kujizuia, nikacheka huku nalia. Naye mabega yakatikisika. Akainuka, akanipa ndoo nibebe, na mtu akikupa maziwa yake ubebe ujue umesamehewa.

Ndani Shangazi alikuwa ananisubiri na sahani iliyofunikwa. Akafunua. Firigisi yangu, imekauka kidogo kwa kupashwa moto. Nikaila yote, mbele yao wote, wajukuu wakiwa wanahesabu ninavyotafuna.

"Ila Baba bado amekataa," nikasema. "Kesho saa nne ndiyo anasoma."

Baba Magesa akafikiri. "Tutoke alfajiri," akasema. "Leta hicho kiboksi nikifunge vizuri. Pamba ya asubuhi uliimwaga, naweka nyingine."

Jumapili, Butiama

Tulifika watu wakiwa wanaingia kanisani. Baba alikuwa mlangoni na Biblia kwapani. Alipomwona Baba Magesa akashuka ngazi, wakashikana mikono muda mrefu. Kisha Baba Magesa, amejipaka mafuta ya Jumapili mpaka kwenye kucha, akachambua pamba kwenye kiroba, akakitoa kile kioo, akampa yeye mwenyewe kwa mikono miwili.

Somo likatangazwa. Baba akaenda mbele. Herufi tulizikuza hata mimi wa benchi la tatu nikaona kuna mwanga kama dirisha dogo mikononi mwake. Akaanza. Sauti ilikuwa ile ya zamani, ya nilipokuwa mtoto, haina papara. Mistari minne, ukurasa ukaisha.

Akapitisha kidole. Kioo kikakaa kimya.

Akapitisha tena. Kidole cha jembe, kama cha shemeji yake. Mara ya tatu. Mzee mmoja wa kanisa akamtazama mwenzake. Nyuma nikasikia mtoto anaanza kucheka. Mimi nikainuka nikimbie mbele, maana si mnanijua?

Baba akanyoosha kiganja kunizuia, bila hata kuniangalia.

Baba Magesa alikuwa ameshasimama. Alitembea kwa mwendo wake wa shambani, kofia mkononi, akasimama ubavuni kwa Baba. Akaweka kidole chake kilicholainika kwa mafuta, ukurasa ukafunguka. Baba akaendelea palepale alipoachia. Mistari minne, Baba anatikisa kichwa, Baba Magesa anafungua. Mistari minne, anatikisa kichwa. Wakaenda hivyo somo zima, wazee wawili mbele ya watu, hakuna hata neno moja lililorukwa. Mimi nililia waziwazi, sijali nani alikuwa ananitazama.

Baada ya ibada mwenyekiti wa wazee alisema kwa kifupi kwamba somo litabaki kwa Mzee. Baba Magesa akachomoa kikopo chake cha mafuta mfukoni, akamtilia Baba kwenye mfuko wa koti. "Kila Jumapili, kabla ya kusoma, kidole hiki," akamwambia.

Watu wakatuzunguka kutaka kukiona. Wote wakagusa, wote wakashangaa. Nilinyoosha mikono nikipokee tuondoke, maana nyumbani chakula kilikuwa kinangoja na nilikuwa nimeshakunja kile kitambaa changu cheupe. Baba akakipitisha juu ya mikono yangu, akampa Baba Magesa.

"Kaa nacho wewe, shemeji, mpaka nyumbani," akasema. "Huyu mtoto wangu ana haraka."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Wakatangulia wawili hao, polepole, na mimi nikafuata nyuma na Biblia ya Baba na kiroba cha pamba.